Warsha, saa ya kila wiki mbili, au jicho la kitandani? Njia tatu za kumfunza rezidenti kufundisha

Mwaka huu wakuu wa idara watatu wa mkoa huu wa Tanga wameniuliza swali moja kwa midomo mitatu. Wa kwanza analalamika kwamba marezidenti wake dawa wanazijua, kuzieleza hawawezi. Wa pili ana rezidenti anayekimbiwa: saa nane za usiku watarajali, yaani madaktari wapya walio katika mwaka wa mazoezi kazini, wako radhi kumwamsha bingwa nyumbani kwake kuliko kumuuliza yeye aliyekaa chumba cha pili. Wa tatu alikuwa na fedha kidogo za mafunzo ambazo zisipotumika kabla ya tarehe 30 Juni zinarudi zilikotoka, naye hakuzunguka: "Daktari, nifanye warsha au nisifanye?"

Kila mmoja nilimjibu lake. Hapa nazipanga njia zenyewe za kumfunza rezidenti kufundisha, kwa vipimo vilevile, ili mwenye swali kama lao achague kwa hali ya wodi yake.

Ninaposema rezidenti namaanisha daktari aliyekwisha kumaliza shahada ya miaka mitano, akafanya mwaka wake wa utarajali, akasajiliwa, na sasa anasomea ubingwa kwa miaka mitatu au zaidi. Wodi isiyo na rezidenti ina daktari aliyetangulia wenzake kwa mwaka au miwili, na yote nitakayosema yanamhusu yeye pia. Hakuna aliyemwajiri kufundisha. Lakini bingwa hupita raundi asubuhi akaenda kliniki au chumba cha upasuaji. Jioni, usiku na Jumapili, mwalimu wa tarajali ni rezidenti. Tuliosoma chuo cha Kurani tukiwa wadogo tunamkumbuka halifa, yule mwanafunzi mkubwa aliyekaa na sisi wadogo pindi mwalimu alipotoka. Aya nyingi tulizozishika tulizishika kwa halifa, na bakora nyingi pia. Hakuna aliyemfunza halifa kufundisha. Alifanya alivyofanyiwa.

Marezidenti nao ni hivyohivyo. Mtindo huu wa kumlea bingwa kwa kuishi hospitali ulishika mizizi Johns Hopkins, Baltimore, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1889, chini ya watu kama William Osler upande wa tiba na William Halsted upande wa upasuaji. Huko kwa madaktari wa upasuaji ndiko kunakonasibishwa ule msemo wa "ona mmoja, fanya mmoja, fundisha mmoja". Kuona kuna utaratibu wake, kufanya kuna utaratibu wake. Kufundisha kuliachwa kujiotea kama mchicha pori.

Anatakiwa ajue nini hasa?

Kabla ya kupima njia, tukubaliane juu ya mzigo unaobebwa. Chukua usiku mmoja wa wodi ya watoto. Ameletwa mtoto wa miaka mitatu kutoka upande wa Pongwe, homa siku tatu, mikono baridi, anapumua kwa haraka, haharishi. Tarajali ameshika chupa ya maji ya mshipa (dripu), anataka yaingie yote kwa kasi.

Rezidenti wa kwanza anafoka, "Nani kakufundisha hivyo?", anampokonya chupa, anafanya mwenyewe. Mtoto anapona. Tarajali amejifunza jambo moja: siku nyingine anyamaze.

Rezidenti wa pili anauliza, "Wewe unadhani ana nini?"

"Malaria kali, dokta. Na damu imepungua."

"Umejuaje?"

"Kipimo cha haraka kimesoma chanya. Na viganja vyake ni vyeupe kabisa."

"Viganja umeviangalia vizuri, wengi huviruka usiku. Sasa sikiliza: mtoto wa homa kali ambaye damu haizunguki vizuri, wala haharishi, usimmwagie maji mengi kwa haraka. Huyu wetu anataka damu. Mpigie mtu wa maabara sasa hivi, na sindano ya artesunate ianze."

Dakika moja na nusu, mbili ukizidisha. Alichofanya kina hatua tano: mwache mwanafunzi aseme anachodhani, muulize sababu, mpe kanuni moja tu, msifu kwa jambo mahususi alilofanya sawa, mrekebishe alipokosea. Mpangilio huo ulitoka kwa walimu wa tiba ya familia wa Chuo Kikuu cha Washington mwaka 1992, na unajulikana kwa jina la mwalimu wa dakika moja. Hatua si lazima zifuatane kama swala. Rezidenti wetu alianza kusifu kabla ya kutoa kanuni, na hakuharibu kitu.

Na hiyo kanuni ya maji ina asili ya hapa kwetu. Jaribio la FEAST, lililotoa matokeo mwaka 2011, liliwafuatilia watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania. Upande wa Tanzania kituo kilikuwa Hospitali Teule ya Muheza, mwendo wa daladala kutoka mjini Tanga. Waliopewa maji ya chumvi kwa haraka walikufa asilimia 10.5 ndani ya saa 48. Ambao hawakupewa kwa haraka, asilimia 7.3. Mimi humwambia kila rezidenti anayefika: somo hili usilifundishe kama la kitabu cha Ulaya. Mwambie tarajali watoto wa Muheza walikuwamo ndiyo tukajua.

Vitu vingine vya kwenye mzigo nitavitaja kwa kifupi. Upo mpangilio wa SNAPPS, wa mwaka 2003, ambamo mwanafunzi ndiye anayeongoza: anafupisha historia, anapunguza orodha ya magonjwa hadi mawili matatu, anayalinganisha, anamuuliza mwalimu asichokielewa, anapanga matibabu, kisha anachagua jambo moja la kwenda kujisomea. Kwa kazi za mikono, kama kutoa maji ya uti wa mgongo, zipo hatua nne zinazotumia jina la Peyton: mwalimu anafanya kimya kwa kasi yake ya kawaida, anarudia akieleza, anafanya huku mwanafunzi ndiye anayeeleza, mwisho mwanafunzi anafanya mwenyewe akieleza. Hatua ya tatu ndiyo inayorukwa mara nyingi, nayo ndiyo inayokuonyesha kama kijana ameelewa kabla hajashika sindano. Halafu kuna kumpa mtu maoni bila kumuumbua. Hilo nitalirudia.

Vipimo

Ninatumia vitano. Muda: njia inakula saa ngapi, na inazila kwenye zamu ya nani. Fedha. Mwalimu: nani atawafunza hao marezidenti, na yupo? Kinachobaki: baada ya miezi mitatu, saa nane za usiku, kuna kilichobadilika? Na mgonjwa: yeye anafaidi nini, au anaumia wapi, wakati haya yakiendelea karibu na kitanda chake.

Hiki cha mwisho watu hukisahau, na huku kwetu kina jambo la lugha ndani yake. Rezidenti amesoma kwa Kiingereza, atatahiniwa kwa Kiingereza. Mama wa Tanga aliyekaa na mwanawe kitandani, Kiswahili ni chake tangu kwa bibi yake, na ukikivunja atakucheka kimoyomoyo. Ukifundisha kwa Kiingereza juu ya kichwa chake anasikia jina la mwanawe, halafu maneno asiyoyajua, halafu nyuso zinabadilika. Nimeona mama akifunga khanga yake kutaka kuondoka kwa sababu ya raundi ya namna hiyo. Alidhani tumekubaliana mtoto haponi. Kumbe tulikuwa tunabishana juu ya kipimo. Kwa hiyo njia yoyote ya mafunzo naiuliza: inamzoeza rezidenti kufundisha kwa Kiswahili mbele ya mgonjwa, na kubakiza maneno ya kitabu kwa ajili ya meza ya wauguzi?

Njia ya kwanza: warsha ya siku moja au mbili

Muda. Unajulikana mapema na unaisha. Siku mbili marezidenti wako ukumbini, wodi imeachiwa watarajali na bingwa mmoja aliyenuna. Baada ya hapo kila mtu anarudi kazini, hakuna kikao cha ziada cha kukumbushana.

Fedha. Ndiyo njia ghali kwa siku. Ukumbi, chai na vitafunwa, chakula cha mchana, nauli ya mwezeshaji, posho. Tusijifanye hatujui habari ya posho. Nilihudhuria moja, ukumbi unatazama bahari, upepo mzuri. Siku ya pili karatasi ya sahihi ilipitishwa saa nne, na baada ya chai tulibaki nusu. Mada iliyobaki ilikuwa ya kutoa maoni, ile ngumu kuliko zote. Sitawataja waandaaji, kwani kosa lilikuwa letu pia: nami nilitazama saa.

Mwalimu. Hapa warsha ina nguvu. Kama hospitalini hakuna mtu aliyewahi kusikia habari za hatua tano, unamwalika anayezijua kutoka chuo, anawapa wote msamiati mmoja kwa siku moja. Msamiati mmoja si kitu kidogo. Kabla ya hapo "nifundishe" ina maana tofauti kwa kila mtu.

Kinachobaki. Wengi huidharau warsha kwa kipimo hiki, na nadhani wanaizidishia. Marekani walifanya jaribio, likachapishwa mwaka 2001: marezidenti wa tiba ya ndani walipewa kipindi kimoja tu cha saa moja cha hizo hatua tano, yakiwemo mazoezi ya kuigiza, na alama walizopewa na wanafunzi wao zikapanda kuliko za wenzao ambao hawakufunzwa. Saa moja. Kwa hiyo kidogo nacho huzaa. Ila kinachozaa ni kile kidogo kilichokuwa na mazoezi ndani yake. Siku mbili za kusomewa slaidi ni usingizi wa kulipiwa.

Mgonjwa. Haguswi kwa wema wala kwa ubaya, hayupo ukumbini. Mifano ni ya karatasi, na karatasi haina mama aliyefunga khanga.

Inafaa wapi? Mahali ambapo ndiyo kwanza mnaanza na hakuna aliye na msamiati. Mahali ambapo marezidenti wa idara nyingi hawawezi kukutana mara kwa mara. Na mahali ambapo fedha ipo lakini ina tarehe ya kufa.

Njia ya pili: saa moja kila baada ya wiki mbili

Hii ni vikao vidogo vya watu watano hadi wanane, saa moja, siku ileile, chumba kilekile, kwa miezi kadhaa. Kila kikao kina jambo moja: leo kuuliza, mara nyingine kufundisha kazi ya mikono, mara nyingine tarajali mwenye huzuni.

Muda. Jumla si ndogo, ila imekatwa vipande ambavyo wodi inaweza kuvimeza. Tatizo lake ni zamu. Aliyetoka usiku yupo kwa mwili tu. Aliye kazini ataitwa katikati. Sisi tulijaribu saa tisa alasiri tukashindwa. Tulipohamia mara tu baada ya ripoti ya asubuhi ya Alhamisi, wakati wote wamekwisha kukusanyika, mahudhurio yakasimama. Sisemi asubuhi ni dawa ya kila mahali. Nasema tafuta saa ambayo watu wamekwisha kukaa tayari, usiwaite upya.

Fedha. Chai ya tangawizi na mihogo. Ukitaka kupima vizuri mwishoni, utahitaji kuwalipa kidogo wanafunzi wachache waje kuigiza.

Mwalimu. Hapa ndipo inapouma. Warsha inahitaji mtu anayejua kwa siku mbili. Hii inamtaka mtu anayejua na ambaye hatahamishwa katikati. Bingwa mmoja akienda masomoni, mfululizo unakufa. Bora wawe wawili wanaopokezana, mmoja akiwa muuguzi mwandamizi au mkunga. Nilishangaa mara ya kwanza kuona mkunga mkuu akiendesha kikao cha kufundisha kazi za mikono. Amewafunza wanafunzi wa uuguzi kupokea watoto kwa miaka mingi, hatua za Peyton alikuwa akizifuata kabla hajazisikia.

Kinachobaki. Ushahidi wake ni mzuri. Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2004 liliwapanga marezidenti kwa bahati nasibu: kundi moja likapata jumla ya saa 13, vikao vya saa moja mara mbili kwa mwezi kwa miezi sita, wakifanya mazoezi na kupewa maoni. Kisha wote wakapimwa kwa vituo vya maigizo, rezidenti akimfundisha mwanafunzi aliyepangwa huku mtu akitoa alama. Waliopitia vikao waliwaacha wenzao mbali.

Nami nina maelezo yangu ya kwa nini inashika, yanayotokana na maigizo. Watu wa pwani kuigiza hatuhitaji kuombwa mara mbili. Kikao cha kwanza kila mtu anacheka, rezidenti mmoja anamwigiza bingwa fulani hadi machozi yanatutoka. Kikao cha tatu ndipo mambo yanapogeuka: unamwambia yule mkali achukue nafasi ya tarajali, na mwenzake amuulize maswali ya kuumbua kama anavyofanya yeye. Nimemwona kijana mrefu, hodari, akikosa jibu la jambo analolijua usingizini. Alikaa, akasema, "Kumbe kichwa kinafunga kweli." Hakuna slaidi ingempa hiyo. Ila isingetokea kikao cha kwanza, maana siku ya kwanza hakuna aliyemwamini mwenzake.

Mgonjwa. Hayupo chumbani hapa pia, lakini kwa kuwa vikao vinajirudia, unaweza kumwagiza rezidenti: "Wiki hizi mbili fundisha jambo moja kwa Kiswahili kitandani, utuletee ilivyokwenda." Hapo mgonjwa anaingia kwa mlango wa nyuma.

Inafaa wapi? Marezidenti wanaokaa miezi sita au zaidi, wasiopungua watano, na walau walimu wawili waliotulia. Rezidenti wa mzunguko wa wiki nane atakula vikao vinne kisha anaondoka. Hiyo ni warsha iliyokatwa vipande.

Njia ya tatu: jicho la kitandani

Rezidenti anafundisha kama kawaida, kwenye raundi yake, na mtu mmoja amesimama pembeni dakika kumi na tano, kimya, ana nusu karatasi. Baadaye wanakaa wawili dakika kumi. Basi. Anayeangalia anaweza kuwa bingwa, au rezidenti mwenzake, na wiki ijayo wanabadilishana.

Muda. Dakika 25 kwa mara moja, hakuna aliyetolewa wodini. Ni rahisi kuanza kuliko njia nyingine yoyote na ni rahisi kuiacha pia: siku ya kwanza yenye wagonjwa wengi jicho linafutwa, ya pili linafutwa, mwezi umekwisha.

Fedha. Karatasi.

Mwalimu. Ukimya wa bingwa ni mgumu kupatikana kuliko fedha. Mara ya kwanza niliyosimama pembeni, nilivumilia dakika nne. Rezidenti alisema jambo lisilo sahihi sana kuhusu kipimo cha dawa, si la hatari, nikaingilia. Watarajali wote wakageuka kunitazama mimi, wazazi wakageuka, na yule kijana akawa kama msaidizi wangu kwa raundi iliyobaki. Nilikuja kumwangalia akifundisha, nikamnyang'anya darasa. Tangu hapo tuna makubaliano: la kumdhuru mgonjwa nitasema papo hapo, mengine yote yanasubiri karatasi. Na nasimama nyuma ya mgongo wake, si mbele yake, ili watarajali wamtazame yeye.

Halafu kuna mazungumzo ya baadaye. Utaratibu unaotajwa sana, wa Pendleton, wa mwaka 1984, unataka aliyeangaliwa aseme kwanza alichofanya vizuri, kisha mwangaliaji aongeze mazuri, kisha aliyeangaliwa aseme angebadili nini, mwisho mwangaliaji apendekeze. Kwenye karatasi ni mwepesi. Kwetu unagonga adabu mbili kwa mpigo. Mdogo hatangulii kusema mbele ya mkubwa, na mtu mwenye adabu hajisifu. Muulize rezidenti wa Kitanga "umefanya nini vizuri?" atatazama viatu na kusema, "Aah, nimejitahidi tu, Daktari." Nimeona wengine wakilazimisha hatua hizo hadi inakuwa kama kuhojiwa polisi. Mimi nimepata njia ya kupinda: ninamuuliza tarajali alielewa wapi, ndipo namgeukia rezidenti, "Ulifanyaje hapo hadi akaelewa?" Sasa hajisifu, anaeleza kazi. Wenzake wa rika moja hawahitaji ujanja huo, na ndiyo sababu mojawapo ya kupenda wawili wawili: kwa rika utani upo, heshima haifungi kinywa.

Kinachobaki. Kinachoonekana kitandani kimetokea kitandani, hakuna daraja la kuvuka. Lakini njia hii haiongezi maarifa mapya. Wawili wasiojua hatua za kufundisha wakiangaliana mwaka mzima watasifiana kwa sauti kubwa na mwandiko mzuri. Na bingwa anayefundisha vibaya atazalisha nakala zake.

Mgonjwa. Ndiyo njia pekee inayomtazama. Kwenye nusu karatasi yetu mstari wa kwanza ni: je, alimsalimu mgonjwa au ndugu yake na kumwambia tunataka kufundishana hapa? Mstari wa pili: lugha. Mengine yanafuata. Bibi mmoja aliyelazwa kwa kifua aliwahi kuniambia baada ya raundi, "Yule kijana mwembamba ndiye anafundisha, nami nimefahamu." Nikamwandikia rezidenti maneno hayo palepale, ndiyo maoni bora kuliko yote niliyowahi kumpa mtu, na hayakuwa yangu.

Inafaa wapi? Popote penye watu wawili, mmoja wao akiwa amekwisha kupata msamiati.

Kuna ya nne, nitaipitia kwa kasi: kozi ndefu ya elimu ya taaluma za afya, ya chuoni au mtandaoni. Ni njia ya mtu mmoja na si ya idara. Vyuo vinahitaji watu hao, hasa tangu MUHAS, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, ilipohamia mitaala ya umahiri mwaka 2011, kwani kupima umahiri ni taaluma yake yenyewe. Kama una rezidenti anayeota kubaki kuwa mhadhiri, msukume huko. Kama shida yako ni raundi ya Jumanne, haitakufikia kwa wakati.

Kwa hali yako

Ukiwa na marezidenti wa mzunguko mfupi, wanaokuja na kuondoka, usianzishe mfululizo. Siku yao ya pili wape saa moja ya hatua tano, kwa kuigiza, kisha waangalie kitandani mara moja kila wiki hadi waondoke. Weka saa hiyo moja kwenye ratiba ya kuwapokea, pamoja na kuonyeshwa duka la dawa na maabara, isije ikategemea kumbukumbu ya mtu.

Ukiwa na kundi linalokaa, vikao vya kila wiki mbili vitakulipa kuliko chochote, ilimradi umepata wa kupokezana naye. Usianze na mada ya maoni. Iache hadi wamezoeana.

Hospitali ya wilaya yenye bingwa mmoja anayefanya kila kitu isijaribu kuiga hospitali kubwa. Jicho la wawili wawili linatosha, na jicho la tatu unalo tayari: muuguzi msimamizi wa wodi. Yeye anajua ni daktari gani watarajali wanamfuata kwa maswali na ni yupi wanamkwepa. Muulize. Mpe nusu karatasi naye.

Kama tatizo ni mtu mmoja anayeumbua wenzake, kama yule wa mkuu wa pili, hakuna hata njia moja kati ya hizi iliyo yake. Ukiwaitia warsha watu kumi kwa sababu ya mmoja, tisa watajua na yeye ndiye hatajua. Mwite ofisini, funga mlango, mwambie ulichosikia bila kutaja aliyesema, na umuulize yeye alifundishwaje. Mara nyingi jibu la swali hilo ni refu. Baada ya hapo kumwangalia kitandani kunaweza kusaidia, akikubali mwenyewe.

Na kama wewe ndiye rezidenti, na hospitali yako haina mpango wowote, chagua tarajali mmoja anayekuamini. Mwombe kila Ijumaa akuambie jambo moja alilolielewa kwako wiki hiyo na jambo moja ulilolipita haraka. Mwanzoni atakwambia yote yalikuwa mazuri, kaka dokta. Wiki ya tatu ataanza kusema kweli. Usijitetee siku hiyo.

Yule mkuu wa tatu, mwenye fedha za Juni, alifanya warsha. Nilimwomba apunguze siku mbili ziwe moja, aifanyie kwenye chumba cha mikutano cha hospitali yake badala ya hotelini, na fedha iliyobaki aitumie kabla ya tarehe kununua mabirika mawili, vikombe, na rimu za karatasi za kukata nusu nusu. Mhasibu alimuuliza vikombe vinahusiana vipi na mafunzo. Siku ya warsha walikula wali wa nazi, wakaigiza, na kabla ya kutawanyika kila mmoja alichagua mwenzake wa kuangaliana naye. Majina yamebandikwa nyuma ya mlango wa chumba cha zamu, mawili mawili, na tarehe ya kwanza ya kila jozi imeandikwa kwa kalamu nyekundu.